Kuku Kapata Tisini na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu kapata kazi! Mtaalamu wa Lishe! Zahanati ya mtaa wetu, koti jeupe, jina kifuani! Shajara, hata salamu sijakupa, nisamehe. Hujambo? Haya. Kapata kazi!

Nimewaambia wote. Muuza mkaa nimemwambia. Fundi cherehani wa jirani nimemwambia. Kuna mtu alikosea namba akanipigia mimi, naye nimemwambia. Akasema hongera sana mama, ila yeye anamtafuta fundi bomba.

Nimemwambia na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wa mgahawa wangu. Nimevuka makusudi, aproni kiunoni. Akasema hongera wifi, lakini hiyo lishe si kupika tu? Mtoto kasoma miaka minne kujua kupika? Mbele ya wateja! Nimerudi nikakata vitunguu kwa hasira mpaka vikatosha vya siku mbili.

Mchana binti kapiga simu. Kazi yake ya kwanza ni hii: zahanati inatafuta mgahawa wa kuanzia. Ubao wa vyakula uonyeshe kila sahani ina nini ndani. Kalori, sukari, mafuta, chumvi. Mteja asome kabla hajala. Kasema amewaambia wakubwa zake kuwa mama yake atakuwa wa kwanza. Yuko kwenye majaribio miezi mitatu, kwa hiyo mambo yawe sawa. Jumamosi atakuja na mizani yake kupima.

Nikasema eeh. Nikasema kabisa mwanangu. Nilitikisa kichwa kwenye simu dakika kumi. Kalori ni nini sikujua. Nimuulize? Mimi, mama wa mtaalamu? Mimi niliyeishia darasa la saba? Bora nimeze jiwe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jumamosi ni mbali. Fundi cherehani ana mdomo, wifi ana masikio. Akisikia, ubao wake utatangulia wangu. Thubutu!

Nimefungua kabati la vyombo vya wageni, nimetoa ripoti za shule za binti. Zote ninazo, tangu chekechea. Sayansi: 94. Nikakaa nazo mapajani. Ghafla nikaelewa. Namba za kwenye ubao ni maksi! Chakula kinasahihishwa! Mbona rahisi?

Nikachukua chaki, nikaketi mbele ya masufuria yangu kama msimamizi wa mtihani. Kuku wa kukaanga: 94. Wali: 88. Viazi: 85. Supu: 79. Maharage: 71, anajitahidi. Kabichi: 31. Kabichi arudie darasa.

Chini kabisa, herufi kubwa: VYOTE VIMEPIMWA NA MTAALAMU WA LISHE WA ZAHANATI, BINTI YANGU WA KUMZAA. Na jina lake nikaweka.

Mume wangu kasoma. Kauliza binti alikuja saa ngapi kupima. Nimemwambia chakula kinapoa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wifi kaweka ubao. Kuku wake: 700!

Nimevuka barabara mbio. Nikamwambia haiwezekani, mwisho ni mia. Alicheka mpaka akashika meza. Wateja wake nao, vijiko mkononi, wananitazama. Kasema kalori hazina mwisho, wifi yangu, amesoma nyuma ya pakiti ya biskuti. "Kamuulize mwanao." Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Nikarudi. Kuku wangu: 900. Saa tano yeye kaandika 1,200. Saa sita mimi 2,000. Yeye 3,000. Chaki yangu ikaisha, nikaazima ya fundi cherehani, ile ya kuchorea vitambaa. 5,000! Akaingia ndani, akafunga dirisha. Ushindi! Niliimba.

Saa saba kaja karani wa posta, mteja wangu wa kila siku. Kachukua sahani ya kuku. Kasoma ubao. Kairudisha sahani mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kaniuliza kwa heshima zote kama najua mtu mzima hutosheka na kama kalori elfu mbili kwa siku nzima. Kasema mama, hii sahani moja ni ya siku mbili na nusu. Kalori ni nguvu iliyomo ndani ya chakula, na mwili usipoitumia unaiweka, tena mahali unapoona. Kajishika kitambi kunionyesha.

Nikamwambia najua! Nani asiyejua? Nikaingia jikoni nikajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Kumbe ni mzigo. Kumbe mchana kutwa nilikuwa nashindana na wifi nani ana mzigo mkubwa.

Jumamosi nitamwambia binti. Au nirekebishe tu, asijue.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimerekebisha. Kuku: 7. Wali: 4. Viazi: 3. Kabichi: 0. Kabichi kawa wa kwanza darasani, dunia hii!

Karani kaja, kasoma, kakohoa, kanunua chai tu.

Nikaongeza na safu ya sukari, maana wifi hana. Sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini. Hata uji. Uji wangu! Mkono unaotia sukari kwenye ule uji ni huu huu unaoandika. Lakini sukari ikishakorogwa nani anaiona?

Saa nne kaja mwalimu mstaafu. Huyu ndiye aliyemfundisha binti hesabu darasa la nne. Ana kisukari mwaka wa sita sasa. Huja kila asubuhi, huagiza chai kavu bila sukari, hutazama mabakuli ya uji ya wenzake kama mtu anayetazama picha yake ya ujana.

Kasoma ubao. Kavua miwani, kaifuta kwa shati, kasoma tena. Kaniuliza: uji, sukari sifuri?

Hapo, shajara. Hapo ndipo ningesema. Lakini wifi alikuwa kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, masikio yamesimama. Nikasema sifuri, mwalimu wangu. Kaonja. Kasema mbona mtamu. Nikasema ulezi wenyewe ndivyo ulivyo. Katazama lile jina chini ya ubao. Kasema mwanafunzi huyo hakuwahi kukosea hesabu hata moja, daftari lake angelitambua gizani. Kanywa mabakuli matatu. Macho yalimlengalenga. Kaniombea dua.

Na mimi nikaipokea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwalimu kaja tena. Mabakuli manne. Na uji mwingine kachukua kwenye chupa ya chai aende nayo nyumbani. Nilitaka kusema. Nikamwongezea.

Saa nane simu kutoka zahanati. Mwalimu kaishiwa nguvu kwenye kiti cha kinyozi, nywele upande mmoja zimekatwa, mwingine bado. Kapelekwa zahanati. Sukari imepanda vibaya. Aliyempokea ni binti yangu. Kamuuliza amekula nini. Mwalimu kajibu hajala kitu, mwanangu, ni uji tu, ule usio na sukari, ulioupima wewe mwenyewe.

Binti kaja kwa miguu, na lile koti jeupe. Wiki nzima nilingoja aje nalo nimpige picha. Sikuthubutu hata kumtazama.

Kasoma ubao kuanzia juu mpaka kwenye jina lake. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kauliza kwa sauti ndogo kuku kapataje saba. Kasema mwalimu atapona, lakini ni bahati. Kasema mkuu wa zahanati anataka maelezo kesho, maana jina lake yeye binti lipo kwenye ubao ambao hajawahi kuugusa. Siku ya tano kazini. Koti halijafuliwa hata mara moja.

Kisha kauliza: mama, kwa nini hukuniuliza?

Ningesemaje? Miaka yote nimemsimamia na fimbo asome, halafu nimwambie sikuelewa hata neno moja? Nikaanza kufuta meza iliyokwishafutwa. Kaondoka. Hata maji hakunywa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamka na mpango. Nitamwambia mkuu kuwa ubao uliandikwa na watu wenye wivu. Sitataja mtu. Nitatazama tu upande wa ng'ambo ya barabara.

Nikabeba kuku mzima kwenye bakuli, nikalifunika vizuri, nikaenda zahanati. Mkuu ni mama mmoja mfupi, kalamu tatu mfukoni. Hakumtazama kuku. Kanipeleka moja kwa moja chumba cha wagonjwa. Binti kasimama dirishani. Mwalimu kalala na dripu, kichwa nusu kimenyolewa. Na pembeni ya kitanda, akimnywesha supu isiyo na chumvi kijiko kwa kijiko, nani? Wifi!

Mkuu kauliza nani aliandika namba zile. Nikaanza: mheshimiwa, kuna watu wenye wivu... Mwalimu akageuza shingo. Kanitazama vile anavyomtazama mtoto ambaye daftari lake limeliwa na mbuzi kwa mara ya tatu.

Ulimi ukafa. Nikasema niliandika mimi. Nikasema yote. Ripoti za shule, maksi, kabichi kurudia darasa, elfu tano, sifuri ya uji. Nikasema niliishia darasa la saba na niliona haya kumuuliza mwanangu niliyemzaa. Mbele ya wifi! Bakuli la kuku nimelikumbatia kifuani kama mtoto.

Wifi kakohoa. Kasema, kwa sauti ndogo, macho kwenye kijiko, kwamba hata yeye hajui kalori ni nini. Alinakili tu pakiti ya biskuti.

Binti kageukia dirisha. Mabega yakawa yanatikisika. Alilia au alicheka, sijui. Nadhani ni ile kabichi kurudia darasa ndiyo iliyomchekesha.

Mwalimu kasema sukari aliijua tangu kijiko cha kwanza. Lakini alitaka sana iwe kweli, na jina lile analiamini kuliko ulimi wake. Maneno hayo yaliniingia kuliko sindano. Kisha kasema, kwa ukali wa darasani, kuwa jibu lisiloonyesha njia ni sifuri, nami nimepata sifuri.

Mkuu kaamua. Binti anabaki kazini, lakini yuko chini ya uangalizi. Ubao wangu upimwe upya na binti mwenyewe, wiki inayoanza. Mkuu atakuja kuukagua Jumamosi ijayo. Akikuta namba moja ya uongo, majaribio ya binti yanaishia hapo hapo.

Kuku nilimla mwenyewe, kwenye benchi la nje.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Binti kapima siku nzima. Glavu, mizani ndogo, daftari. Kila kijiko cha mafuta alikisimamisha mkono wangu ukiwa hewani.

Bakuli moja la uji: vijiko saba vya sukari. Mume wangu alikuwa nalo mdomoni. Kaliweka chini. Kaanza kuhesabu kwa vidole miaka ishirini na sita ya ndoa yetu.

Kuku na mafuta yake yote: 640. Aibu niliyoona! Ni kama mtu kaanika nguo zangu za ndani kando ya barabara, na kaziandikia saizi. Fundi cherehani kasema hawezi kula huku anasoma, kahamia kwa wifi. Lakini karani wa posta karudi. Kasoma, kafikiri, kachukua nusu ya kuku na kabichi nyingi. Kasema sasa angalau anajua anachobeba. Uji sasa uko wa aina mbili, na mmoja hautiwi kitu kabisa. Mwalimu kautumia salamu.

Binti kaandika jina lake kwa mkono wake, kasaini. Kaniambia mama, usiguse. Nimeapa, mkono juu ya sufuria.

Tena kasema nikiwa sielewi kitu, niulize. Nilisema eeh. Nililia kidogo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wifi naye kaomba kupimwa! Na binti kaenda! Nikamuuliza vipi mwanangu. Kasema mama, ni kazi.

Kuku wa wifi: 610.

Mia sita na kumi! Kuku mkavu vile, kama soli! Kapungua kuliko wangu kwa thelathini! Kasimama mlangoni na tabasamu lake, ubao umeelekezwa kwangu.

Nimejizuia tangu asubuhi. Nimeapa. Lakini shajara, tazama: 6 na 5 ni ndugu. Kidole chenye maji kidogo, chaki kidogo. 540. Sukari sigusi, sukari nimekoma. Hii ni tarakimu moja tu, tena ya kuku, na kuku hana kisukari.

Nimefanya. Kazi safi, huwezi kujua.

Na mbele ya jina la binti nimeongeza DAKTARI. Mtaani nimeshawaambia hivyo, ubao usinisute.

Binti kapiga simu sasa hivi. Kasema kwenye ukaguzi mkuu atakuja na lile daftari la vipimo, na mwalimu ataruhusiwa kutoka, naye ataisoma hesabu yote kwa sauti, mstari kwa mstari, njia na jibu, daftari mkono mmoja na ubao mbele yake. Sikuelewa wanalinganisha nini na nini. Sikuuliza. Nimetikisa kichwa tu.

Nimewaalika wote. Karani, muuza mkaa, fundi cherehani, wifi akae mbele kabisa, hata yule aliyekuwa anamtafuta fundi bomba. Viti nimeazima. Waje wamwone mwanangu! Jumamosi hii, saa nne asubuhi, wanakuja wote.