Neno la Kwenda Goziba

Jumatatu, 7 Agosti 1989. Kamachumu
Padre amekataa kumbatiza mwanangu Damian Jumapili bila baba yake kuwepo. Baba yake, Apolinary, anavua kisiwani Goziba. Wifi yangu Kokugonza anasema neno halifiki kule, wavuvi wanahama kila upepo ukigeuka. Tutaona. Simtumi mtu mmoja. Nitamwambia kila anayeteremka ziwani, naye ampe yeyote anayekwenda mbele kuliko yeye. Mtoto kanyonya, kalala. Mimi nasinzia juu ya kalamu.

Jumanne, 8 Agosti
Limi, mchuuzi wa dagaa, kanicheka. Eti padre, ubatizo, Jumapili, mzigo wote huo nani ataubeba bila kuumwaga njiani? Nikapunguza: Apolinary aje nyumbani haraka. Nimewapa pia wenye baiskeli za ndizi, na Mzee Kashaija muuza kuku.

Alhamisi, 10 Agosti
Ajabu. Limi karudi na habari. Dagaa wamehamia upande mwingine, mitumbwi imewafuata, yeye kakosa chombo. Basi neno akamwachia muuza kuni, wa kuni akampa fundi wa nyavu, na fundi alikuwa anavuka. Hakuna aliyewapanga. Njia ikikatika, neno linajitafutia nyingine. Nimemweleza Kokugonza mara mbili. Kaniuliza kama nepi zimefuliwa.

Jumamosi, 12 Agosti
Amefika. Macho yamevimba. Nyuma yake wote waliobeba neno, na mikungu ya ndizi, na kuni, na wanawake wanaolia tangu kule kwenye kona. Miaka hii ukiitwa nyumbani haraka ni msiba, huulizi. Wamenikuta nafua nepi. Apolinary kashika mguu wa Damian, hauachii. Anasema akivuka ziwa zima alikuwa akijiuliza: mke au mtoto. Nikamfuta uso kwa kanga, nikamwambia akae ale. Mzee Kashaija kasema kwa heshima, waitu, ndizi za matanga hazirudi nyumbani, zitaliwa kesho kwenye ubatizo.

Jumatatu, 14 Agosti
Damian kabatizwa, kanisa limejaa. Apolinary karudi kisiwani. Kaniomba kwa upole nisimwite tena namna ile.
Nimelifikiria sana. Kosa lilikuwa dogo, neno lilikosa mwanzo tu. Mama yangu yuko Bukoba, nataka aje amwone mjukuu. Asubuhi nimewapa wenye baiskeli, wanunuzi wa kahawa na kondakta wa basi: Hakuna aliyekufa. Njoo haraka.