Leseni Kumi na Mbili na Mlango Mmoja

Mtu aliyejiita Injinia hakuwahi kusomea uinjinia hata siku moja. Alichokuwa nacho ni tai mbili, mkoba wa ngozi wenye zipu inayofunga, na kipaji cha kusikiliza nusu ya kwanza ya kila sentensi. Nusu ya pili aliwaachia watu wasio na haraka. Kwa nusu hizo za kwanza alikuwa ameishi mjini miaka kumi na mmoja bila kuajiriwa na bila kufungwa, na kila alipojitazama kwenye kioo cha kinyozi aliona mtu aliyebakiza hatua moja tu afike.

Hatua yenyewe ilikuwa mlango. Baba wa mchumba wake alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee asiyeamini kitu mpaka akipime kwa futi kamba, na hakuwaelewa kabisa vijana wanaofanya kazi mkobani.

"Siku nitakapogonga mlango wa ofisi yako," alimwambia, "na wewe ukanifungulia kutoka ndani, siku hiyo tutazungumza habari za binti yangu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Wapo wengine wanaomuulizia, na wana milango."

Injinia alimpenda yule binti kweli. Hili tuliseme mapema na kwa sauti, maana lilikuwa karibu jambo pekee la kweli alilokuwa nalo.

Neema ilimshukia siku ya Jumanne, chini ya ngazi za jengo moja la maduka, alikokuwa na meza yake Fundi Miwani. Huyu alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mtengeneza kompyuta, mwaminifu kiasi cha kutia huruma. Siku hiyo alikuwa ameweka mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta kwenye mashine kuukuu ya mteja. Akaipindua, akasoma namba ndefu kwenye stika iliyobanduka pembe moja, herufi na tarakimu ishirini na tano, akaziandika moja moja. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikashukuru.

Injinia akauliza kama ile haikuwa leseni ya mfumo wa zamani.

"Ndiyo yenyewe," akasema Fundi Miwani. "Ukipandisha mashine kwenye mfumo mpya, ile namba ya zamani inapokelewa. Hulipi kitu. Lakini sasa sikiliza, ikishapokelewa..."

Injinia alikuwa ameshafika duka la tatu. Alichosikia kilimtosha. Mji mzima ulikuwa na watu wanaoambiwa wanunue kwa bei ya kukata roho kitu ambacho tayari kimebandikwa chini ya mashine zao. Mtu mwema angewaambia. Injinia alikwenda kunyoosha tai.

Alianzia chuo cha uhazili kilichokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi, ambako wasichana na wavulana walijifunza kupiga chapa kwenye kompyuta kumi na mbili zinazonguruma. Mkuu wa Chuo alikuwa hana usingizi. Wakaguzi wangekuja baada ya wiki tatu, na chuo chochote watakachokikuta na mfumo wa zamani wangekifuta kwenye orodha. Duka moja kubwa lilikuwa limempa karatasi ya bei, na alitembea nayo mfukoni kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Injinia alizunguka darasani akizigusa kompyuta moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa. Mwishowe akavua miwani isiyokuwa na nguvu yoyote.

"Mheshimiwa, leseni zenu zimekufa."

"Zote?"

"Zote. Zilizobaki ni mapambo."

Kisha akamfariji. Yeye alikuwa na njia zake, na leseni mpya kumi na mbili angezileta kwa nusu ya bei ya lile duka. Mkuu mwingine angeuliza hiyo nusu inatoka wapi. Huyu aliufunga mlango, akavuta kiti karibu, akauliza risiti itaandikwaje.

"Unataka iandikweje?"

"Bei ile ya duka. Si unajua, kuna usumbufu."

Injinia alijua usumbufu. Wakatazamana kwa upendo wa watu waliochelewa kukutana. Mwenye chuo alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeishi mbali, akitaka kila risiti apelekewe picha kwenye simu, na risiti ya namna hiyo ingempendeza sana. Ile tofauti ingebaki kwa Mkuu, ikimpoza moyo. Akalipa hela zote siku ileile, maana na yeye aliitaka risiti yake haraka.

Kumbuka mpango wote wa Injinia ulivyokuwa, maana aliuonea fahari. Angepandisha zile mashine kwa namba zao wenyewe, bure. Kisha zile namba angezibeba akaziuze chuo kingine, halafu kingine, mpaka mji uishe. Ilikuwa ni kuuza kuku, kubaki na kuku, na bado kula mayai. Kwa furaha hiyo alikwenda moja kwa moja mtaa wa nyuma akapanga chumba chenye mlango wa mbao ngumu, kitasa cha shaba na kodi ya miezi sita iliyolipwa mbele. Mwenye nyumba alimweleza kwamba hela ikishaingia kwake haitoki. Injinia alikuwa akijaribu kitasa.

Kesho yake alifika chuoni na flashi yake, akaipindua kompyuta ya kwanza, akakuta alama ya gundi. Akaipindua ya pili, gundi. Alipofika ya kumi na mbili jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye tai. Mwanafunzi mmoja, bila kuacha kupiga chapa, akamwambia kuwa stika zote zilibanduliwa na Mama Stoo zamani, kwa sababu watu walikuwa wakizikwangua kwa kucha wakati wa somo la barua rasmi.

Mama Stoo alikuwa anakaa mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wenye kidirisha, kati ya maboksi ya chaki, wino wa mashine za kuchapishia na mafagio yaliyopangwa kwa urefu. Mkuu wa Chuo alimdharau kimyakimya kama mtu wa sabuni na madasta, ingawa alijua vizuri kwamba ni mdogo wake mwenye chuo. Injinia hakujua, kwa kuwa hakuuliza. Stoo ile ilikuwa na kanuni moja: hakuna kitu kinachotoka bila fomu ya nakala tatu, kwa karatasi ya kaboni. Hata Mkuu alisaini chaki.

Stika alizokuwa anazitafuta zilikuwemo humo, zimebandikwa kwenye daftari kubwa, kila moja na namba ya mashine yake. Injinia alimwamkia Mama Stoo kwa heshima zote, akasifu mafagio, kisha akaeleza kuwa leseni zile zimekufa na anahitaji kuzichukua.

"Zikiwa zimekufa," akauliza Mama Stoo, "wewe unazitakia nini?"

"Sheria, mama. Lazima ziteketezwe mbele ya mtaalamu."

"Na mtaalamu yuko wapi?"

Injinia akanyoosha tai. Mama Stoo akamwambia arudi baada ya saa moja, kwa sababu fomu haiandikwi kwa pupa. Aliporudi ilikuwa tayari, imejazwa kwa mwandiko mdogo hadi ukingoni. Ilianza na maneno *Nimepokea leseni kumi na mbili*, na hapo akaona inatosha. Alisaini mara tatu mahali alipoonyeshwa kidole, huku akimwambia mama yule kuwa miwani inampendeza, akaondoka na daftari mkobani.

Kazi ilimchukua siku mbili. Mashine zote kumi na mbili zilizipokea namba zake bila kinyongo, mfumo mpya ukawaka, na Mkuu wa Chuo akacheza kidogo alipodhani hakuna anayemwona. Injinia akazinakili namba kwenye simu yake na kuaga. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi aliposikia sauti kutoka kwenye kidirisha.

"Mwanangu, fomu yako haijafungwa."

Akarudi akitabasamu. Ndani alimkuta Mkuu naye ameitwa, kasimama kati ya mafagio kama aliyekuja kuomba chaki. Mama Stoo akavaa miwani akasoma fomu, na safari hii ilisomwa yote: kwamba mpokeaji amepokea leseni kumi na mbili, mali ya chuo, naye atazirudisha kama alivyozichukua, au ataandika zimetumika kwenye mashine ipi.

Injinia hakuona ugumu. Akafungua zipu, akalitoa daftari. Akasema huruma imemshika, ameshindwa kuziteketeza kumbukumbu za chuo, hizo hapo zote, azihifadhi.

"Nashukuru," akasema Mama Stoo. "Tujaribu moja."

Akavuta shuka lililokuwa juu ya meza ya pembeni. Chini yake palikuwa na kompyuta ya kumi na tatu, ya stoo, ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu kwa sababu ya lile shuka. Ilikuwa na mfumo mpya tayari, imesimama inangoja leseni. Injinia akapiga hesabu haraka. Namba ikipokelewa, ameumbuka, maana alisema zimekufa. Ikikataliwa, ameokoka. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba kompyuta igome, na kwa dakika nzima, Mama Stoo akiandika herufi moja moja kwa kidole kimoja, aliomba kwa moyo wote.

Ikagoma. Injinia nusura aikumbatie. Akainama akasoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

"*Namba hii haikubaliki.* Si nilisema, mama? Imekufa."

"Soma mpaka mwisho."

"Mwisho si ndio huo..."

"Mwanangu, kuna mstari wa pili."

Ulikuwepo kweli. Injinia akausoma, sauti ikipungua neno kwa neno. "*Kwa sababu tayari inatumika kwenye kompyuta nyingine.*"

Mkuu wa Chuo akakaa taratibu juu ya boksi la chaki, nalo likabonyea.

"Mimi nina mkwe," akasema Mama Stoo, "anatengeneza kompyuta chini ya ngazi pale madukani, anavaa miwani. Juzi, ulipokuwa unaisubiri fomu, nilimpigia. Akanieleza kwamba leseni ya zamani inapokelewa bure na mfumo mpya, lakini ikishapokelewa haihami tena, inakaa na mashine hiyo mpaka kufa. Ndiyo nikamwomba aje aniwekee huo mfumo humu. Yule kijana akianza sentensi, mimi huwa nakaa nikamsikiliza mpaka amalize."

Kisha akauliza swali moja tu, kwa upole uliomuumiza Injinia kuliko kofi. Kama leseni za zamani ndizo zilizoingia kwenye mashine, zile mpya zilizoandikwa kwenye risiti aliyopelekewa dada yake ziko wapi?

Injinia akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama fagio.

Mambo yakamalizwa kifamilia, yaani Mama Stoo aliamua na wengine wakaitikia. Mkuu wa Chuo alirudisha ile tofauti yake kabla ya saa kumi jioni, na tangu siku hiyo hupewa chaki moja moja, kwa kusaini. Kwa Injinia palikuwa na tatizo, kwa sababu hela yake ilikuwa imegeuka chumba, na chumba hakirudi kuwa hela. Mama Stoo akanyoosha kiganja mpaka akawekewa ufunguo. Stoo ya chuo ilikuwa imejaa, alisema, na mlango wa mbao ngumu utafaa. Kwa hiyo chuo kilibaki na mashine zilizopandishwa bila kununua leseni, na chumba cha miezi sita juu yake.

"Sasa wewe," akamgeukia. "Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili. Koti la stoo liko nyuma ya mlango. Chagua."

Koti lilikuwa la buluu, na lilimbana mabegani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuinunulia leseni ile kompyuta ya kumi na tatu, mpya kabisa, dukani, kwa bei ya duka. Aliuza mkoba na tai zote mbili. Alipoiandika ile namba na skrini ikashukuru, alihisi kitu cha ajabu kifuani, akadhani ni kiungulia.

Siku ya mwisho ya mwezi, mlango wa mbao ngumu uligongwa mara tatu. Injinia alikuwa ndani na Mama Stoo tu, akipanga madasta. Alijua ni nani, maana alikuwa amempa anwani wakati bado ana tai. Alifikiria dirisha, lakini dirisha lilikuwa na nondo. Basi akaenda akafungua, kutoka ndani, akiwa na koti la buluu na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

Mpima ardhi mstaafu hakusalimia kwanza. Aliupima mlango kwa macho, juu, chini, kando, akasoma kibao kilichoandikwa STOO YA PILI, akamtazama mkwe mtarajiwa kuanzia viatu.

"Huyu anafanya kazi hapa?" akamuuliza Mama Stoo.

"Anafanya. Msaidizi wa stoo. Amesaini nakala tatu."

Nakala tatu zilimwingia mzee yule. Akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali, akatoa leso.

"Kijana, nimegonga, na umenifungulia. Binti yangu utamwoa..."

Moyo wa Injinia uliruka, na mguu wake wa kulia, uliozoea, ulikuwa tayari umevuka kizingiti kwenda kumpa mchumba habari. Akaukamata ubao wa rafu. Akaurudisha mguu. Akasimama pale, na ilimchukua nguvu zake zote, akangoja mzee apanguse paji la uso, shingo, na nyuma ya masikio.

"...ukimaliza miezi sita ndani ya mlango huu," akamaliza mzee.

Mama Stoo alikuwa ameshaweka kaboni kati ya karatasi. Akasema hayo ni maneno mazito, afadhali yaandikwe, na akaandika polepole, hadi ukingoni. Injinia akaipokea fomu, akakaa juu ya boksi la chaki, na kabla ya kusaini akaisoma yote.