Mfudu wa Bi Mwanasha

Jumatatu, 1 Juni 1964
Sikukuu ya Madaraka. Wenzangu wamekwenda Msambweni kusikiliza hotuba. Mimi nimemaliza kuonja fudu za miti thelathini na mmoja, kuanzia Galu hadi Kinondo. Meno meusi yote. Mishi, mke wangu, asema nikicheka nafanana na sufuria. Acheke! Sote twazijua fudu za mwituni: kokwa kubwa, nyama kiduchu. Lakini mti ulio nyuma ya jiko la mkwe wangu, Bi Mwanasha! Tunda kama yai la njiwa, kokwa kama mbaazi, tamu mpaka nikafumba macho. Nitakata vijiti vyake nivibebeshe, niviunganishe kwenye mifudu michanga, kama walivyobebesha maembe kwenye kitalu nilikokuwa mfagizi. Jirani yangu Tembo asema tunda la mwituni halipandwi. Yeye ajua minazi tu. Bwana shamba anakuja Jumamosi. Ataona!

Jumanne, 2 Juni
Kinondo, kwa mkwe. Kanzu safi. Shikamoo, marahaba, chai. Ndipo akanieleza kwamba mfudu wake utakatwa wiki ijayo. Kinu chake kimepasuka, ataka gogo la kuchongea kingine. Nikamwambia asiuguse, kinu nitamletea mimi kesho. Akauliza nitakitoa wapi. Nikasema ninacho.
Sina. Mishi ndiye anacho.

Jumatano, 3 Juni
Mishi alipokwenda kisimani nikajitwika kinu. Maili mbili! Shingo imezama mabegani. Mkwe akashukuru, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Kisha:
“Boga, mwanangu, kinu hiki si nilimpa Mishi siku ya harusi yenu?”
Nikajibu kwamba Mishi ameacha kutwanga.
“Ameacha lini?”
Si mkwe aliyeuliza. Mishi alikuwa mlangoni, mchi mkononi. Nikatokea mlango wa nyuma, nikakata vijiti kumi na viwili upesi upesi, nikatimua mbio. Vijiti ninavyo, alhamdulillahi.

Alhamisi, 4 Juni
Mishi ametuma mtoto kuniambia kwamba hakirudishi kinu. Atatwanga kwa mama yake, na atakula huko huko. Nimechoma muhogo. Umeungua upande mmoja, upande wa pili mbichi. Hata hivyo siku njema: vijiti vyote nimevibebesha, nikavifunga kwa ukili wa majani ya mkindu. Tembo alichungulia juu ya ua akauliza kama miti imevunjika miguu. Sikumjibu. Nilimjibu baadaye, peke yangu, na nilimjibu vizuri sana.

Jumamosi, 6 Juni
Bwana shamba, Bwana Jefwa, amefika! Akachuchumaa, akasifu mafundo yangu. Asema pwani nzima hajaona mtu anayechagua mti wa kwetu na kuutengeneza. Tembo akasikia. Nilihakikisha.
Mara Bi Mwanasha na Mishi wakaingia na kikapu cha fudu. Mkwe akatazama miche yangu, akasema mfudu wake haukupungua hata jani. Niliokata ni ule wa pili, wa kando ya choo, ambao hata tumbili hawaugusi. Bwana Jefwa akaonja fudu za miti yote miwili. Ile ya choo aliitema mbali. Miche kumi na miwili ya fudu mbovu kuliko zote Kinondo! Tembo alicheka mpaka akakaa chini. Mishi naye akacheka, kisha akaniuliza kama nimekula. Neno lake la kwanza tangu Jumatano.
Zile tamu Bwana Jefwa alikula kumi na moja. Akamwomba mkwe asiukate kabisa mti ule, naye akakubali. Jina langu limeandikwa daftarini. La Tembo halimo.

Jumapili, 7 Juni
Mishi amerudi na kinu. Wali wa nazi, samaki, mchicha. Sijaona Jumapili nzuri hivi. Tembo amejitolea kumchongea mkwe kinu cha mwembe. Kujipendekeza tu!
Mkwe, aliyekuja naye, asema niende kwake kesho nikate vijiti tena, naye atasimama anioneshe mti. Nilipokuwa nikimsindikiza akataja kwamba mbuzi yake ya kukunia nazi imekuwa butu. Hakuniomba. Lakini mkwe hangojwi mpaka aombe, na Mishi ana mbuzi nzuri sana, kali. Safari hii hapana wasiwasi: hiyo tuliinunua wenyewe sokoni, mama yake hataitambua.