Mbuzi ya Mahari Ndani ya Chumba Changu

Butembo, Jumatatu tarehe 3 mwezi wa tisa, 1962

Muyisa amenikataa. Hakuja mwenyewe. Alituma maneno kwa kamio, lori ya mizigo, sawa vile mutu anatuma gunia ya maharagi. Jumaine, shoferi, alisimama mbele ya nyumba, akavua kofia. Akasema Mama Phinées, bwana yako amepata mwanamuke kule Beni. Anataka mbuzi yake yote ya mahari irudi, na juma ijayo anakuja kuchukua nyumba. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nyumba hii. Udongo ya ukuta nilikanyaga na miguu yangu, mimba ya Phinées iko ndani. Mabati imetoka katika feza ya viazi yangu, yaya yangu Mbusa, kaka yangu mukubwa, aliileta toka Lubero. Batoto bote balizaliwa hapa. Sitoki.

Kwa hasira nilimwambia Jumaine: ukifika Lubero, umwambie yaya Mbusa alete mbuzi ya watu mbio-mbio, mimi pia nataka uhuru yangu, sawa Congo. Maneno nzuri. Nilijisikia muzuri mpaka jioni. Halafu woga ikaanza.

Naandika haya na krayo ya Phinées. Masista balinifundisha kidogo tu, basi mwandiko unapanda mulima.

Jumanne tarehe 4

Asubuhi kwa Padri. Alisema ndoa ya kanisa haivunjiki. Nikafurahi, nikasema basi nyumba inabaki. Akasema juu ya nyumba yeye hana neno, yeye iko na neno juu ya roho. Nikamuuliza roho italala wapi mvua ikinyesha. Alinipa rozari. Niko nayo ingine, lakini nilipokea.

Nikapita kwa Nasiba, muke wa Jumaine. Yeye ni Mwislamu, rafiki yangu ya zamani. Alicheka mpaka akashika mulango. Akasema kwao bwana akitamka talaka, bibi anajua palepale asimame wapi. Ninyi Bakatoliki, akasema, munaachana sawa kamio katika matope: mbele kidogo, nyuma kidogo, na watu bote banasukuma. Lakini akanipa shauri: uende kwa Melchior, karani wa tribinali. Yeye ndiye anajua kesi ya bibi na bwana.

Jumatano tarehe 5

Kwa bureau ya Melchior. Ukutani, pale picha ya mufalme ya Babeleji ilikaa, imebaki alama nyeupe. Nilimupa kuku. Aliipima kwa mukono, akaniambia nikae.

Akasema tribinali iko na swali moja tu: mbuzi imerudi? Kama haijarudi, wewe ungali muke wake, hakuna mutu anaweza kukutoa katika nyumba ya batoto yako. Ikirudi, ndoa imekwisha, na mambo ya nyumba inaanza upya. Hapo, mama, hata mimi sijui itaangukia wapi.

Nilimushukuru sana. Nilikuwa na furaha mpaka kwa mulango. Kwa mulango nikakumbuka Mbusa.

Nikakimbia kwa Jumaine. Alikuwa amekwisha rudi toka Lubero. Akasema nisihangaike, maneno yangu imefika yote. Tena ameongeza yake kidogo, sababu maneno yangu ilikuwa baridi. Yaya yangu amelia, akaenda moja kwa moja kukamata mbuzi.

Ijumaa tarehe 7

Mbusa amefika kwa miguu, vumbi mpaka kwa nyusi, kundi ya mbuzi nyuma yake. Kwa barrière ya barabarani basoda balimwambia kwa Lingala kwamba mbuzi pia inapaswa kuwa na karatasi. Hakuna karatasi. Mbuzi moja imebaki na bo basoda.

Alitaka kupanda palepale kwa mama ya Muyisa kurudisha. Nilimwambia yule mama ni mugonjwa sana, hapana kumusumbua. (Leo asubuhi nilimuona anabeba kuni ya watu wawili.) Nikasema tungoje. Mbusa ni mutu ya haki, haki inamuchelewesha. Akakubali.

Sasa mutu wa Muyisa asione mbuzi. Nimeziingiza ndani ya chumba changu. Muyisa akija, nitatuma Mbusa sokoni, na mbuzi itapanda kamio ya Jumaine mpaka Lubero. Mpango safi. Hata Melchior hangeweza kuupata.

Jumamosi tarehe 8

Mbuzi imekula: majani ya matela ya kulalia, kitambaa changu cha misa, na tai ya Muyisa. Tai sikuililia.

Mama mukwe, Kasika, alishuka kuomba chumvi. Hajaomba chumvi kwangu toka nimeolewa, siku zote anasema yangu ni mbaya. Mbuzi ikalia. Nikakohoa. Ikalia tena. Nikasema ni Phinées, anaumwa koo. Akasema pole yake. Akasema amemuona kwa dirisha, na kweli mutoto anaumwa, maana ameota ndevu.

Akaenda na chumvi yangu.

Jumatatu tarehe 10

Sina nguvu ya kuandika, lakini naandika.

Muyisa alifika na Muzee Ananie, muamuzi wa tribinali. Mbusa sikupata kumutuma sokoni. Majirani bote balijaa kwa lupango, mbele ya nyumba. Melchior alisimama upande yangu, akasema mbuzi haijarudishwa. Muyisa akafungua mulango ya chumba. Akasema, muone, mbuzi iko katika nyumba yangu, inalala kwa kitanda yangu, inakula nguo zangu, munataka irudi namna gani ingine?

Watu balicheka. Muzee Ananie hakucheka. Akasema mbuzi haijirudishi yenyewe. Mutu wa upande ya muke lazima aweke kamba katika mukono ya bwana, mbele ya watu.

Nikapumua. Hapo Mbusa akasimama. Nilimuvuta koti. Akanitazama, akaniuliza kama mama ya Muyisa, ule mugonjwa sana, ni yule anapiga kelele pale. Akatoa koti mukononi mwangu, akaenda kuweka kamba katika mukono ya Muyisa. Akasema kwetu hatuli mbuzi ya watu.

Ndoa imekwisha, hivi-hivi. Nilikaa chini.

Muyisa akaniambia nifunge mizigo. Melchior akainua kidole: bado nyumba. Ukuta ni ya Muyisa, sababu ni udongo ya kiwanja chake, mabati ni ya mama, kila mutu achukue kitu yake. Mbusa hakungoja aambiwe mara mbili. Mutu ya haki, anarudisha na anachukua. Alikuwa juu ya nyumba na nyundo. Bati ya kwanza ikashuka, na mvua ikaja nayo.

Kasika alikuwa ameingia ndani, amekaa na bajukuu. Akatoka, maji inatiririka kwa uso. Akasema Muyisa, mbuzi umekamata, ukuta uwaachie batoto. Ukikataa, mimi na bajukuu bote tunapanda kamio leo, tunakuja kukaa kwako Beni. Niko na mizigo kidogo tu.

Muyisa akatazama mama yake. Akatazama barabara ya Beni. Akasema ukuta ubaki.

Muzee Ananie akatangaza: nyumba ni ya Virginie na batoto. Ni mimi yule! Kasika akanivuta pembeni, akasema chumvi yangu bado ni mbaya.

Melchior kabla ya kwenda alinishika mukono. Mama, akasema, Muyisa hapana kulala hapa hata usiku moja. Akilala, watu batasema ndoa imerudi, na nyumba imerudi kwake. Mimi nikaapa juu ya rozari zangu mbili.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Mbusa amepigilia bati, amerudi Lubero. Hanisemeshi. Ameniachia viazi.

Mvua inapiga juu, ndani ni kukavu. Kukavu kwangu. Nimekaa nasikiliza.

Jumaine amepita toka Beni. Anasema mbuzi imekula nguo ya yule mwanamuke, kanzu mpya na mashuka. Amefukuza mbuzi na mwenye mbuzi pamoja. Muyisa analala chini ya kamio. Amekonda. Anakohoa.

Nilimenya viazi. Kikohozi chake nakijua, kinaanza kidogo halafu kinashuka kwa kifua, na hakuna mutu mwingine anajua ile majani ya kumuchemshia. Ni baba ya batoto.

Nikamwambia Jumaine: umwambie aje, siku mbili tu, mpaka kifua ifunguke. Kitanda iko. Maneno nzuri. Nilijisikia muzuri mpaka kamio ikakata kona. Hapo nikakumbuka Melchior na rozari mbili.

Nilikimbia mpaka sokoni na kisu ya viazi mukononi. Kamio haiko, matope tu. Na Jumaine namujua, ataongeza yake.

Haina neno. Nimekwisha pata mpango. Muyisa atalala kwa Nasiba, kwangu atakuja kukunywa dawa tu. Atakuja na mbuzi, hana pengine pa kuziacha. Nitaziingiza ndani ya chumba changu. Kasika hatajua.