Misalaba Arobaini ya Idara ya Makao

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, Idara ya Makao Yenye Staha ilitangaza kwamba ukosefu wa nyumba umekwisha mjini Kolwezi. Kilichobaki, lilisema tangazo, ni watu wasio na nyumba, na suala hilo lingeshughulikiwa na idara nyingine.

Tangazo lilisomwa uani mwa ofisi na Mama Adolphine, aliyehitimu masomo ya watu wazima ya kusoma na kuandika mwezi wa Januari, akaajiriwa mwezi wa Februari kuwa Mtia Alama Mkuu. Hapakuwa na Mtia Alama mwingine, lakini neno "Mkuu" lilikuwa limekwisha kuchapwa kwenye barua, naye alilipokea kwa moyo mweupe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na alipotoka salama upande wa pili wa "mkakati jumuishi wa kitaasisi", watu walipiga makofi.

Kabla ya siku hiyo, Tume ya Idara ilikuwa imechunguza sababu za ukosefu kwa miezi kumi na minne. Ilitazama mashimo ya madini yaliyomeza mitaa mizima, wageni waliofuata kazi kutoka Tenke na Kisenge, na viwanja vilivyouzwa mara tatu kwa watu watatu. Sababu hizo zote ziliondolewa, kwa kuwa hakuna hata moja iliyotuma mwakilishi kikaoni. Tume ikahitimisha kwamba sababu halisi ya ukosefu wa nyumba nzuri ni nyumba mbaya, ambazo zimekalia mahali pake.

Sera mpya ilikuwa nyepesi kueleweka. Nyumba mbaya ingepakwa msalaba mwekundu ukutani. Nyumba yenye msalaba ingebomolewa na katapila, lile trekta la kusukuma udongo, na siku hiyohiyo mwenyewe angepewa nyumba mpya katika Cité Tumaini, kwenye njia ya Mutoshi, mahali ambapo nyumba mia tatu zilikuwa zimepangwa na moja ilikuwa imepigwa picha.

Sisi wakaaji wa Kolwezi tunaujua msalaba mwekundu. Zamani ulipotokea ukutani, mtu alianza kufunga vyombo huku akilia. Baada ya tangazo tulianza kuuomba kama vile tunavyoomba mvua ikawie. Watu waliopaka kuta zao chokaa kwa ajili ya Noeli waliibandua kwa jembe, ili waonekane wanastahili. Jirani mmoja aling'oa mlango wake mzuri, akauficha kwa shemeji, naye shemeji akaufunga kwake.

Bajeti ilinunua kopo moja la rangi. Wataalamu walikadiria kwamba kopo hilo lingetoa misalaba arobaini, na kwa njia hiyo idadi ya familia zenye shida ya nyumba mjini ikajulikana kisayansi.

Mama Adolphine mwenyewe aliishi na watoto wanne katika vyumba viwili vya matofali mabichi. Mume wake alikuwa kazini Kisenge tangu Pasaka ya mwaka uliopita. Jirani yake, Tata Samy, alikuwa akichimba mawe ya kobalti chini ya sebule yake mwenyewe, na shimo lile, kwa upole wa jirani mwema, lilikuwa limeanza kuja upande wa pili. Ukuta wa Mama Adolphine ulikuwa na ufa. Alikuwa ameufunika kwa cheti chake cha kuhitimu, na kila wiki alisogeza msumari.

"Mama Mukubwa wa Rangi," akamwita Mama Mwanvua, muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara, "ku nyumba yako utapaka lini?"

"Ya mwisho. Namba arobaini. Mutumishi wa serkali hajiangalie yeye wa kwanza."

"Kumbe serkali iliisha kubadilika na mi sikusikia."

"Kuko règlement, mama."

"Na ule ukuta wako, nao iko na règlement? Jana niliona mukono wa mutoto wako unatoka inje, ananisalimia."

Mama Adolphine alijibu kwamba utaratibu unahitaji uvumilivu. Jibu hilo alikuwa amelisoma kwenye kalenda ya ofisi, akaliona limeandikwa vizuri.

Kesho yake Mkurugenzi, Tata Stany, alimkabidhi orodha. Namba moja ilikuwa jumba la ghorofa, lenye vigae vyekundu na nguzo nne. Lilikuwa la Tata Stany.

"Tata Directeur," akasema Mama Adolphine kwa heshima, "hii nyumba iko muzuri."

"Mama, unaangalia inje. Umasikini iko mu ndani." Akampeleka hadi bafu ya wageni, akamwonyesha bomba linalodondosha maji.

"Na ya pili?"

"Ya kaka yangu. Ya tatu ni ya mukwe. Cité Tumaini itakuwa muzuri, familia ikae pamoja."

"Na batu ba kwetu, kule ku mashimo?"

"Bale beko na expérience ya kuteseka, mama. Tunaanza na benye habana expérience."

Mama Adolphine aliandika hoja hiyo kwenye daftari, kwa kuwa ilikuwa na mpangilio. Kisha akauliza swali lililomsumbua: katapila ikija kweli, je?

Mkurugenzi akacheka hadi akashika nguzo. "Mama, niko mu hii idara miaka kumi na mbili. Haiyafanya kitu ata siku moja." Alisema hivyo kama mtu anayesifu afya ya mzazi wake.

Hadi Alhamisi asubuhi, misalaba thelathini na tisa ilikuwa imekwisha kupakwa: kwa ndugu, kwa marafiki, kwa msimamizi wa rafiki. Mama Adolphine alikuwa amepaka kwa uangalifu, kwa rula, bila kudondosha tone, ili wa arobaini upatikane. Alikuwa ameshika njia ya kwenda nyumbani kwake na kopo lake wakati Mkurugenzi alipompigia simu arudi. Nyuma ya jumba palikuwa na nyumba ya mbwa, yenye bati jipya.

"Na hii," akasema Tata Stany. "Mule kuko roho moja, na hana choo."

"Tata, rangi imebakia ya nyumba moja tu."

"Bon, njo hii moja," akasema, akiionyesha nyumba ya mbwa.

Mama Adolphine alipaka. Mkono wa pili wa msalaba ulikauka katikati, akaumalizia kwa kidole. Njiani kurudi aliificha mikono ndani ya kitenge, watoto wasije wakamwuliza rangi ile imekwenda wapi. Jioni mvua ilinyesha, ukuta ukaangusha matofali mawili. Aliyarudisha kwa matope, akakaa ameuegemea mgongo, Mtia Alama Mkuu, mpaka mvua ikakatika.

Jumatano, tarehe kumi na tisa, alifika mgeni mkubwa kutoka Kinshasa, akitaka kuona mafanikio kwa macho yake. Mkurugenzi alikuwa Lubumbashi, kwenye semina juu ya falsafa ya makao. Naibu wake, Mama Huguette, alifikiria kumpeleka mgeni Cité Tumaini. Akakumbuka kwamba ile nyumba ya picha ilijengwa ukuta wa mbele tu, na mgeni alionekana mtu wa kupenda kuzunguka. Kwa kuwa hapakuwa na kilichojengwa cha kuonyesha, aliamua kuonyesha kinachobomolewa. Katapila ilikodiwa, pamoja na dereva wake, Tata Gael, mtu wa Tenke asiyemjua mtu mjini.

Mama Adolphine aliongoza msafara na daftari lake. Mbele ya lango lenye nguzo nne alisimama.

"Mama Huguette, hii ni ya Tata Directeur."

"Iko mu liste?"

"Namba moja."

"Musalaba iko?"

"Iko. Niliweka mi mwenyewe."

"Basi, usikatae kazi yako mbele ya mugeni."

Mama Adolphine alimpigia Mkurugenzi simu mara tatu. Semina ilikuwa imewataka washiriki wazime simu. Alimgeukia dereva.

"Mi natazama musalaba tu, mama," akasema Tata Gael. "Majina ni ya bureau."

Wapishi na walinzi walipewa saa moja kutoa vyombo. Kisha namba moja ikaanguka saa nne asubuhi, na namba arobaini dakika tatu baadaye. Mbwa alikuwa ametangulia kutoka, akakaa barabarani na kutazama. Mgeni alitokwa na machozi. Akatangaza redioni kwamba katika maisha yake yote hajaona idara iliyoanza na mali ya wakubwa, na kwamba Tata Stany ni mfano kwa taifa. Katapila ilifanya kazi siku tatu, ikamaliza orodha.

Kwa hiyo Mkurugenzi aliporudi hakuweza kulalamika, kwa kuwa alikuwa shujaa. Alipongezwa kila alipopita na sanduku lake. Hakuweza kwenda kwa kaka, wala kwa mkwe, wala kwa msimamizi wa rafiki, kwa kuwa aliwasaidia wote. Jumapili baada ya misa alibisha kwa Mama Adolphine, akapewa chumba cha mbele, upande wa ufa.

Alisikia sururu ya Tata Samy chini ya kitanda chake siku mbili. Siku ya tatu alipiga simu, na kabla ya saa sita wakafika mafundi wa Idara na saruji, nondo na matofali ya kuchoma. Shimo likajazwa, msingi ukamwagwa, ukuta ukasimama. Tata Samy alihamia mahali pengine na sururu yake. Ulikuwa ujenzi wa kwanza wa Idara kukamilika, na haumo katika ripoti yoyote.

Jioni ile Mkurugenzi aliketi mezani, akamwomba mwenyeji wake kwa sauti ya chini amwandikishe kwenye orodha ya wanaongojea nyumba. Mama Adolphine alinawa mikono, akafungua daftari, akasoma fomu kwa kidole.

"Hapa banauliza ukuta, Tata Directeur. Ule wa kupaka musalaba. Uko nao?"

Tata Stany akautazama ukuta mpya, mweupe, ulionyooka.

"Ule ni wangu, tata," akasema Mama Adolphine, akamsogezea sahani ya ugali. "Kula. Bukari inapoa."

Wewe uliyesoma hadi hapa, usiikunje karatasi hii mfukoni. Mpe jirani, na jirani akikosa ukuta wa kuegemea asome, mwambie asome amesimama, kisha naye ampelekee mwingine.