Ombi la Kuiangusha Himaya Kabla ya Ijumaa

Ndugu Mtayarishaji wa Podikasti ya Historia,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, koo lako hasa. Mimi ni fundi friji, na karakana yangu ndiyo sebule yangu. Mama mkwe alikuja kututembelea wikiendi moja tu, akaonja masimulizi yako ya ile himaya ya kale, akaapa haondoki mpaka ianguke. Mpaka leo haijaanguka, ndiyo maana nakuandikia.

1. Vipindi vyako ni virefu mno. Mji umezingirwa tangu mwezi uliopita! Mama analala chumbani na binti yake, mimi nalala karakanani, kichwa kwenye kompresa. Hata hao waliozingirwa walikuwa na vitanda.

2. Mama anafungulia sauti mpaka mwisho. Wateja wamegawanyika, wengine wa malkia aliyezingirwa, wengine wa jemadari anayemzingira, na hakuna anayeulizia friji yake.

3. Kila kipindi unakihifadhi mtandaoni, na mama naye anahifadhi. Nilivifuta vyote kwenye kompyuta, nikalala fofofo. Kumbe alikuwa na nakala kwenye flashi, kaificha ndani ya friza ya mwenye bucha niliyokuwa naitengeneza, ili historia isiharibike! Friza nilikuwa nimeshairudisha. Mama akaifuata flashi hadi buchani, mwenye bucha akataka kujua ina nini, na sasa huyo naye anakuja kila mchana na kiti chake.

4. Jana wamepiga kura, nyumbani kwangu, kama malkia afungue lango au asifungue. Mimi nimenyimwa kura kwa kosa la kufuta kumbukumbu za taifa. Taifa gani, jamani?

Kwa heshima zote, naomba himaya ianguke kabla ya Ijumaa. Kama jemadari hayuko tayari, tumia tetemeko, tauni, chochote kile. Kisha uvifute vipindi vyote, mama asije akaanza upya.

Nisalimie mafundi mitambo wote, na malkia ukimpata.

Wako katika mzingiro,
Fundi Friji

N.B. Kabla sijaituma barua hii, himaya imeanguka. Mama analia huku anakunja nguo. Tangu nimwoe binti yake ananiita "huyo fundi". Leo kaniuliza, "Mwanangu, sasa tutasikiliza nini?" Nimemwambia ipo himaya nyingine, ndefu kuliko hii, inaanza kesho. Nimemdanganya. Ndugu yangu, nakupigia magoti, ianzishe, na wala usiwe na haraka.