Komamanga Moja Zima

Jumanne, 3 Juni
Wiki ya pili mke wangu yuko kwa dada yake. Nyumba imepoa. Cherehani inalia, hakuna wa kuniambia niinyamazishe. Kisa? Komamanga! Lilikuwa la mwisho la msimu, kamwekea dada yake. Nikalila. Hilo angesamehe. Ila mimi fundi cherehani, nikalijaza ganda pamba, nikalishona. Akalipasua mbele ya dada mtu. Jamani, ile pamba! Bado nasema kosa lilikuwa uzi mweupe.

Leo shemeji kaleta masharti. Mke atarudi siku nikiwa na komamanga moja zima mezani. Zima! Alilivuta hilo neno kama lastiki.

Jumatano, 4 Juni
Sokoni. Mama muuza matunda kacheka hadi kashika mbavu. Eti msimu umekwisha, nirudi mikomamanga ikishatoa maua, yadondoke, matunda yanenepe. Nikamuuliza muda wote huo mke wangu nimwambie nini. Akasema nimwambie samahani. Ushauri gani huo! Nikanunua ndizi mbivu. Nina akili zangu. Jirani yangu kinyozi ana mkomamanga uani, umebaki na vitunda vibichi vya kuchelewa. Nimechuma kimoja juu ya ukuta, nikakifukia kwenye pipa la mchele pamoja na ndizi. Maembe huiva hivyo.

Ijumaa, 6 Juni
Ndizi zimeoza. Mchele unanuka. Komamanga gumu vilevile! Mama muuza matunda anasema likichumwa bichi ndiyo basi, haliivi tena hata ulibembeleze. Mbona juzi hakusema? Eti sikuuliza. Nimelionja hivyo hivyo. Ukakasi! Midomo ilijikunja, nikashindwa hata kusonya.

Jioni nilikaa kizingitini. Hapo ndipo alipokuwa akiketi na bakuli, anapukuchua punje. Nyekundu kabisa ananitia mimi mdomoni, zilizopauka anakula yeye. Nami nilikuwa nalalamika mbegu! Namtaka mke wangu. Basi.

Jumamosi, 7 Juni
Kumbe! Tawi la juu kabisa kinyozi kaficha moja, jekundu, kalifunga kitambaa ndege wasilione. Mnafiki! Aliniapia hana. Mchana akiwa na mteja nikauparamia mti. Suruali ikanasa kwenye miiba. Nikabaki naning'inia. Akatoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake kidevu kimejaa povu. Wakanitazama. Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikasema namkumbuka mke wangu. Aibu tupu!

Kinyozi kaninasua. Kisha kalikata mwenyewe, kanipa. Alikuwa kamwekea mama yake. Akasema mama anaweza kungoja msimu, ila mimi, kwa ninavyohema ukutani kwake kila usiku, sitafika. Nusura nimbusu.

Nimempigia shemeji simu. Mke wangu anakuja kesho jioni!

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi. Nimefagia. Nimetupa mchele. Komamanga liko mezani, nalitazama, linanitazama.

Mchana. Lina ufa mdogo ubavuni. Wasiwasi umeniingia. Je, kama ni chachu? Mtu asafiri kote huko aje ale chachu? Nimetoa punje moja tu. Kwa ajili yake.

Tamu! Tamu, halafu uchachu kidogo unakuja nyuma, vilevile kama pale kizingitini. Nikaviona kabisa vidole vyake vimelowa wekundu. Nikafumba macho nimwone vizuri. Nikachukua ya pili asiondoke. Kila punje, naye anasogea karibu. Moyo wangu wote ulikuwa pale.

Nilipofumbua macho, ganda tupu.

Mama yangu! Mke wangu kawahi! Namsikia nje anasalimiana na kinyozi, anacheka. Kicheko kile kile. Anamuuliza kama kweli ni zima, kinyozi anamwapia kwamba alilikata kwa mkono wake.

Haraka. Pamba ipo. Sindano ipo. Na safari hii nina uzi mwekundu.